Naam, Mkuu

Jiwe lilikuwa linatoa jasho. Kipupwe kile hewa ilikauka hata midomo ya watu ikapasuka, lakini jiwe lililosimama nyuma ya kiti cha Makamu Gavana Luan Yaozong lililowa kila asubuhi, likinuka udongo wa kaburi lililofukuliwa jana. Mi, msichana aliyekuwa katibu muhtasi wake, alilifuta kwa taulo, akaenda kuleta chai, akarudi na kulikuta limelowa tena. Alidhani bomba limepasuka ukutani. Ukutani hapakuwa na bomba.

Tuseme ukweli kuhusu huyu Luan. Hakuwa na akili ya kumtoa mtu kijasho, wala kazi ya mikono yake ambayo mtu angeionyesha kidole. Daraja alilolizindua lilipata ufa kabla maua ya sherehe hayajanyauka. Kipaji chake kilikuwa kimoja tu, kuitika. Tangu akiwa karani wa wilaya, mkubwa alipofungua mdomo kusema "Lu", yeye alikuwa ameshasimama, mikono ubavuni, "Naam, Mkuu." Kwa naam hiyo akawa mkuu wa wilaya, akawa meya, akawa makamu wa gavana wa jimbo letu zima. Alipofika huko juu ikawa zamu yake kuitikiwa, na kila aliyetaka ardhi au cheo alimjia na boksi zuri la keki za sikukuu ya mwezi, na ndani ya boksi hamkuwa na keki.

Sasa alitaka ugavana. Mtaalamu wa kupanga nyumba na makaburi ili yalete bahati, ambaye Luan alimwingiza kwa mlango wa nyuma, alikizunguka kiti chake akatikisa kichwa.

"Mheshimiwa, nyuma yako pako wazi. Huna mlima wa kuegemea."

Kwetu mkubwa anayekulinda huitwa hivyo hivyo, mlima wa kuegemea, na Luan alijua wake alikuwa amestaafu. Akaingiwa na baridi. Mtaalamu akamwambia kuna jiwe zuri kwenye njia panda ya kijiji cha Goubei.

Winchi ilipofika Goubei, Bibi Cai, mwangalizi wa hekalu dogo la pale, alisimama mbele yake na fagio mkononi.

"Mwanangu, hili si pambo. Limekalia kitu."

"Limekalia ujinga wenu," alisema Luan, mtu yule yule aliyetia saini waraka wa kupiga marufuku ushirikina jimboni. Akawaachia wanakijiji picha yake kwenye fremu. Ukuta wa ofisi ukabomolewa, jiwe likaingizwa, ukuta ukajengwa upya, na gharama ikaandikwa kuwa ni ya choo.

Siku chache baadaye, jua likiwa dirishani, mtu alimwita kwa nyuma. "Luan Yaozong." Ilikuwa sauti ya Katibu Wan, mkubwa wa Chama katika jimbo.

"Naam, Mkuu." Ameshasimama, ameshageuka. Mbele yake lilikuwepo jiwe tu, na tone la maji likiteremka.

Jioni kinyozi wake alimpaka piko kama kawaida, maana kwa wakubwa wetu mvi ni aibu kuliko wizi. Nywele zote zilishika weusi isipokuwa kishungi kidogo kisogoni. Akapaka tena. Hakikushika.

Ikawa kila siku. Na kila alipoitika, weupe ulipanda. Mi, akipita na birika, alimkuta mkubwa mzima akiliinamia jiwe, akaendelea na birika lake kama hakuona kitu. Kisha adhuhuri moja, Luan akiwa amejilaza kwenye kile chumba cha kupumzikia nyuma ya ofisi, pazia limefungwa na viatu viko chini ya kitanda, alisikia harufu ya udongo ikija polepole mpaka ikamjaa kooni, akasikia godoro likibonyea nyuma ya mgongo wake kana kwamba mtu mzito amekaa, na sauti ya mkuu wa wilaya aliyempa cheo chake cha kwanza, ambaye jeneza lake Luan mwenyewe alilibeba, ikamwita karibu sana na sikio, kwa upole, ikamwita kama mtu anayeomba maji, na Luan, huku akijua kabisa nani amekufa na nani yu hai, alisikia mdomo wake ukisema naam kabla hajauzuia.

Akamtuma dereva kumleta Bibi Cai, kwa mlango wa nyuma.

"Jini hili linataka nini?" alinong'ona.

"Kuitikiwa. Ndicho chakula chake. Goubei hatuitiki mtu akituita kwa nyuma. Hata mume wangu alikuwa anazunguka kwanza nimwone uso. Rudisha jiwe, Mheshimiwa."

"Sasa hivi? Jina la gavana linatangazwa mwezi huu. Watu watasema mlima wangu umeanguka."

"Basi funga mdomo. Litakufuata popote ulipo na mgongo. Lakini sikiliza vizuri. Kabla halijaita, utasikia harufu ya udongo. Pasipo harufu, huyo ni mtu."

Luan hakusikiliza. Alikuwa anatazama kisogo chake kwa vioo viwili.

Akajifunza kunyamaza. Ilimuuma kuliko jino. Jini lilimwita kwa ukali, likabembeleza, likalia kwa sauti ya marehemu mama yake, naye akang'ata kitambaa. Sauti ikapungua. Siku ya mkutano mkuu aliketi mstari wa mbele, suti mpya, kikombe cha chai chenye kifuniko mbele yake, akijiona gavana tayari.

"Luan Yaozong." Ilitoka nyuma, sauti ya Katibu Wan.

Hapakuwa na harufu yoyote ila ya chai. Luan alitabasamu, akakaza midomo.

"Luan Yaozong!"

Ukumbi ukaganda. Watu hawakuwa wamewahi kuona jambo kama lile. Ikaitwa mara ya tatu, na Luan, kwa mara ya kwanza maishani mwake, hakumwitikia mkubwa. Kisha mkono ukamshika bega. Katibu Wan alikuwa ameingia kwa mlango wa nyuma na watu wa nidhamu wa Chama, waliokuja kumkamata.

Wako waliosema alionyesha ujasiri. Upuuzi. Akiwa mahabusu aliitikia kila alichoulizwa, akamtaja hata shemeji yake. Mahakamani alitokea na kichwa cheupe pepe, na watu wakacheka kwamba jela hakuna piko. Hakimu aliyekaa mbele alipomwita jina, Luan aligeuka nyuma, akaupigia ukuta saluti ya heshima. "Naam, Mkuu."

Bibi Cai alikuja kudai jiwe. Makamu mpya, Bwana Fu, alimwambia hiyo ni mali ya serikali, aandike barua. Hakumaliza sentensi. Aliruka kitini, akageukia jiwe. "Naam, Mkuu."

Bibi alichukua mkoba wake. Mi akamfungulia mlango.

"Mwanangu," Bibi alimnong'oneza, "acha kazi hii. Na ukiitwa kwa nyuma, usiitike."

Wakashuka ngazi pamoja. Katikati ya ngazi Mi alisikia harufu ya udongo, na nyuma yake, juu, mama yake aliyeko kijijini akamwita kwa jina la utotoni. Alishika mkono wa bibi, akaendelea kushuka.