Kasuku na Kibali cha Mama

Naapa kwa mvi zangu zote, na kipara kishuhudie: habari hii ni kweli tupu. Nikipatikana na uongo hata wa ukubwa wa chawa, nitafua mashuka ya nyumba nzima kwa mikono yangu.

Kila alasiri, akitoka shule, msichana mmoja wa miaka kumi na miwili alipitia kwenye kiwanda cha kufulia alikofanya kazi mama yake. Mle mashuka ya hoteli yalifuliwa tangu alfajiri. Mvuke ulikuwa mzito hata siku moja paka alipotelea humo, akaonekana Jumapili amenyooka kama aliyepigwa pasi. Mama alikuwa mgeni katika nchi ile na lugha ya wenyeji aliijua nusunusu, kwa hiyo binti ndiye aliyemfasiria sokoni, hospitalini, kila mahali. Madobi wakambandika jina: Kasuku.

"Kasuku kaja! Mama yako leo kasema nini?"

"Kasema mpunguze domo, muongeze sabuni!" aliwajibu, nao wakaangua kicheko.

Lakini siku moja hakuna aliyecheka. Tajiri wao, mwanamke mwenye kiwanda, alikaa kwenye meza ya kukunjia akikagua vibali vya kazi vya wafanyakazi wageni, kama sheria ilivyomtaka kila mwajiri. Mama akatoa chake kifuani, kimeviringishwa kwenye plastiki. Tajiri akakigeuza huku na huku.

"Kasuku, muulize mama: mbona hiki kimekwisha mwezi uliopita? Kipya kiko wapi?"

Binti akauliza kwa lugha ya kwao. Mama akainamisha kichwa. "Mwambie kweli. Sikujua kuisoma tarehe. Kipya sina."

Kasuku akapiga hesabu haraka. Mama akikosa kazi, chumba walichopanga kitakwenda, na shule itakifuata.

"Anasema kipya anacho, tajiri. Kakisahau nyumbani."

"Haya, alete kesho."

Lugha ya wenyeji ilimpiga chenga mama, lakini neno "nyumbani" alilijua. Ndilo la kwanza alilojifunza ugenini. Akamtazama bintiye, kisha akaweka chini shuka alilokuwa nalo.

"Tajiri," akasema mwenyewe, akiyatafuta maneno. "Nyumbani hakuna. Kibali kimekufa. Mtoto kaogopa."

Kasuku alitamani sakafu immeze.

Tajiri akashusha pumzi. "Sheria ni msumeno, dada. Bila kibali siwezi kukuruhusu ufue hata leso, watatufungia sote. Lakini na mimi nimekosa, ningekikagua mapema. Barua ya mwajiri naiandika leo, na asubuhi nakupeleka uhamiaji mwenyewe. Nafasi yako haipewi mtu."

Kasuku akafasiri neno kwa neno, machozi yakimtiririka.

Siku zilizofuata zilikuwa ngumu. Sufuria iliinjikwa mara moja kwa siku, na mama alishinda amekaa kitandani, mikono yake isiyozoea kukaa bure ikikunja na kukunjua upande wa kanga. Hatimaye kibali kikatoka. Kasuku akaiandika tarehe ya mwisho ukutani kwa mkaa, herufi kubwa kama ndoo.

Mama aliporudi kazini, tajiri alimwita binti kando.

"Mwanangu, mfasiri ni daraja. Watu wawili wanakukanyaga kwa kukuamini. Ukioza ubao mmoja, wote tunatumbukia. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Shida ikisemwa, tunaitafutia dawa pamoja. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, tajiri. Nisamehe."

Kasuku sasa ni mtu mzima, na kufasiri ndiyo kazi yake. Jana mimi babu yake nilimsomea habari hii aliyonisimulia mwenyewe, akasikiliza hadi mwisho.

"Yote sawa, babu. Ila pale hapakuwa na paka."

"Alikuwa mdogo, hukumwona."

"Babu!"

Basi niko uani, povu limenifika viwikoni, na rundo la mashuka liko vilevile. Kasuku amejiketia kwenye kigoda ananisimamia. Kila nikifungua kinywa nijitetee, ananiambia, "Punguza domo, babu. Ongeza sabuni."