Meza ya Kwanza

Harufu ndiyo iliyoanza. Yai viza, saa nane mchana, ndani ya kilabu cha tembo pale Balige, na hakuna aliyekuwa akila yai. Mwenye kilabu alipiga deki mara mbili, haikutoka.

Marulak aliijua. Miaka kumi na mmoja aliikalia meza ya kwanza ya Balige, ile ya mchezaji bora wa timu, katika ligi ya sataranji ya kando ya ziwa, mpaka Tigor, kaka wa mkewe, fundi baiskeli tu, akapewa yeye. Wivu ulimla Marulak hata wali haukupita kooni. Akahamia timu ya Laguboti, kisha akaenda kwa mganga kuchukua pepo mrefu, yule anayelishwa mayai na kutumwa kunyonga adui.

"Asipotazamwa ni mfupi kama kinu," mganga alimwonya. "Anayeinua macho ndiye anayemrefusha, na ndiye anayenyongwa. Hata wewe."

Leo Laguboti walikuja kucheza na Balige, na Marulak na Tigor wakakaa uso kwa uso. Hatua ya pili tu, Tigor akamtoa kafara askari aliye ubavuni mwa mfalme wake.

"Mle, shemeji! Au umeshiba kanisani?"

"Unamwacha mfalme uchi," Marulak alinong'ona.

"Hana haya, kama bwana wa dada yangu."

Watu waliosimama nyuma yao wakaangua kicheko. Marulak akamla yule askari, akangoja. Kivuli kikatanda ubaoni, kutoka upande ambao hapakuwa na mtu.

"Nani huyo anatuzibia mwanga? Kaa, bwana!" Tigor alinung'unika, lakini macho hakuyainua, maana anayecheza kwa kafara akipepesa kidogo tu ameliwa.

Tigor akamtoa farasi, akaitoa na ngome, malkia wake akapenya hadi mlangoni kwa mfalme wa Marulak, na makofi yakalipuka, makofi yaleyale yaliyokuwa yake Marulak miaka yote hiyo, na akashindwa kuvumilia, akataka kujua yule pepo anangoja nini, mbona hamkabi, au hata yeye anamtazama Tigor tu, na hapo akainua macho, yakapanda, yakapanda, yakapita dari.

"Shemeji, cheza, saa yako inakwisha," Tigor alisema. "Shemeji?"

Marulak alikuwa ameegemea kiti, ulimi nje, shingo ina alama za vidole virefu.

"Jamani, anatazama nini?" mtu aliuliza.

Tigor alikipakata kichwa cha shemeji yake huku akilia, akayafuata yale macho kule juu yalikoelekea.