Chumvi ya Bibi Kwenye Kopo la Baridi

"Kifuniko chako kinavuja, Gasto! Kubali tu!" Fabiano alisema.

"Hakivuji! Nimekizamisha majini mara tatu, hakuna hata kiputo kimoja. Mnanionea!"

Wanaklabu wa sayansi waliizunguka meza yenye makopo mawili yaliyounganishwa kwa bomba. Kopo moja lilikuwa na maji. Jingine lilikuwa na mkaa uliolowekwa kwenye chumvi maalumu, kisha ukakaushwa. Hewa ikishatolewa kwa pampu, mkaa huo hufyonza mvuke wa maji. Mvuke ukiondoka huchukua joto, na maji yanayobaki hupoa. Lakini leo yalikuwa vuguvugu.

Editha, mmoja wao, alitazama viatu vyake. Ijumaa alikuwa amemwaga chumvi ile maalumu sakafuni. Kwa kuogopa kugombezwa, alichukua chumvi ya bibi yake, iliyochotwa ziwani, akaloweka mkaa nayo. Nyeupe ni nyeupe, aliwaza.

Nje, pikipiki ilizimwa. Bwana Chediel, afisa mifugo, aliingia na kiboksi cha chanjo ya kideri, ugonjwa unaoua kuku.

"Shikamoo!" wanafunzi walimwamkia.

"Marahaba. Chombo kiko tayari? Chanjo hii ikipata joto haifai tena. Kuku wa kijiji kizima wanaisubiri."

Editha alimkumbuka mama yake Gasto, aliyezika kuku thelathini mwaka jana.

"Bado," alijibu Mwalimu Dorkas, mlezi wa klabu. "Gasto, toka kwenye klabu. Kazi ya ovyo sitaki."

Gasto alichukua begi lake, machozi yakimlengalenga.

"Mwalimu, asiende!" Editha alisema. "Kifuniko hakina kosa. Nilimwaga chumvi, nikaweka ya bibi."

"Chumvi ya kupikia mlenda!" Fabiano alicheka. Hakuna aliyemuunga mkono.

Mwalimu aliuweka mkaa kwenye mizani. "Haujaongezeka uzito. Haujanywa mvuke. Gasto, rudisha begi. Nilikuhukumu bila kupima, nisamehe." Kisha akamgeukia Editha. "Pakiti nyingine ipo kabatini. Ungesema Ijumaa, leo tungekuwa na baridi. Kumwaga ni ajali, mwanangu. Kunyamaza mwenzako akilaumiwa ndiko kosa, na karibu kuku wa watu wafe kwa sababu hiyo."

"Nisamehe, Gasto."

"Umenitesa, wewe," Gasto alisema. Hata hivyo, alishusha begi.

Bwana Chediel aliwasha pikipiki, akairudisha chanjo kwenye friji iliyoko Ilongero kabla haijapata joto. Editha alimwaga mkaa wote shimoni, akaosha kopo ili waanze upya kwa chumvi ya kabatini. Gasto akamshikia ndoo.