Pumzi ya Elda

Injini ilizimika katikati ya dhoruba, na wimbi likaivunja boti kwenye mwamba ulio mbali na vijiji vyote vya Lau. Elda, mhudumu wa zahanati, na kaka yake Maelasi waliokoka wakiwa na dumu moja la maji. Kivuli hakikuwepo.

Njaa ilipowabana, Maelasi alitia mkono chini ya jiwe akatoa pweza mdogo. Kama wavuvi wote wa kwao, alimpeleka mdomoni amng'ate katikati ya macho, ulipo ubongo, afe papo hapo. Ngozi ya pweza ikajaa pete za buluu.

"Mtupe huyo, ana sumu," Elda alisema.

"Kadogo hivi? Uoga wa zahanati huo, dada." Maelasi alikuwa mbishi tangu kuzaliwa. Akang'ata. Baada ya kitambo kidogo akapangusa mdomo. "Midomo imekufa ganzi."

"Amekuuma?"

"Sijahisi kitu."

Ulimi ukawa mzito, kisha miguu ikamwishia nguvu. Akalala chali, pumzi zikififia. Elda alijua kinachotokea, na kujua huko kulimtesa tu. Ubongo wa kaka yake ulikuwa mzima, ukiamuru kifua kipanuke, lakini sumu ilikuwa imeziba neva njiani na amri haikuifikia misuli. Moyo tu uliendelea, kwa kuwa moyo hujiendesha wenyewe.

Alihitaji kupuliziwa hewa. Na kwao dada hamgusi kaka hata bega, sembuse mdomo.

Elda alilia, akambana pua, akapuliza.

Alipuliza jua likimchoma kisogo, midomo ikipasuka. Maji yakaanza kujaa, yakamfika magotini, ikabidi amlaze Maelasi kwenye jiwe la juu kabisa. Hakuna chombo kilichopita. Alimfunua jicho, akalielekeza kwenye mwanga. Mboni haikusinyaa hata kidogo. Zahanati ilikuwa imemfundisha maana yake: ubongo umekufa.

"Basi, kaka," alisema. "Nimekuvunjia heshima bure."

Akaacha.

Mkono wake ulibaki shingoni mwa Maelasi kwa mazoea tu. Chini ya vidole, mshipa ulikuwa bado unapiga, kwa shida. Elda alijitukana: sumu iliyolegeza misuli ndiyo iliyolegeza hata mboni. Akainama tena.

Jua lilikuwa linashuka kidole cha Maelasi kilipotikisika, kisha kifua kikainuka chenyewe, lakini kwa udhaifu, naye akaendelea kupuliza. Wavuvi wa kijiji cha Funafou waliwakuta bado mdomo kwa mdomo, wakageuza nyuso kwa aibu.

Ndani ya boti yao wavuvi waliendelea kuwapa kisogo. Baadaye Maelasi akafungua mdomo, ulimi ukiwa bado mzito.

"Nilisikia kila kitu."

"Kila kitu?"

"Ulipoacha, nilikuwa nakuita. Nilikuita sana, dada. Sauti haikutoka."

Elda alijifunika uso. Maelasi akasogeza mkono wake mlegevu mbele ya wavuvi wote, akaushika mkono wa dada yake, na hakuuachia hadi walipofika nchi kavu.