Shavu Lililofutwa

Mtaani walimwita Baba Picha. Studio yake ilikuwa chumba kimoja chenye pazia jeupe, taa mbili na kompyuta kuukuu. Akiona chunusi kwenye picha, alifuta. Akiona kovu, alifuta. Wateja walitoka wazuri kuliko walivyoingia, naye alivimba kichwa kwa sifa.

Binti yake, Kicheko, alikuwa na miaka kumi na tano, na kila siku yake ya kuzaliwa baba alimpiga picha. Mwaka huo shavu lake la kulia lilikuwa limevimba.

"Linauma?"

"Wala, Baba."

"Basi ni jino tu hilo. Litapoa lenyewe."

Lakini Kicheko alianza kufunika mdomo kwa mkono kila alipocheka. Baba yake alimwonea huruma. Akaona bora picha yake itoke nzuri.

Alipokuwa akiirekebisha kwenye kompyuta, jirani yao, daktari wa meno, alifika kupiga picha ya kitambulisho.

"Jirani, unafuta nini hapo?"

"Shavu la binti yangu, daktari. Naliweka sawa."

"Loo! Kwenye picha unalifuta, mdomoni linakua! Hebu nionyeshe picha ya mwaka jana, ile ambayo hujaigusa."

Baba Picha akaifungua. Shavu lilikuwa limeanza kuvimba tangu wakati ule. Alikuwa amelifuta kwa mkono wake mwenyewe, akasahau.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," daktari alisema kwa upole. "Uvimbe wa taya mara nyingi hauumi mwanzoni, ndiyo maana watu huupuuza. Mlete kesho hospitali."

Eksirei ilionyesha uvimbe ndani ya mfupa wa taya. Daktari alimchoma Kicheko sindano ya ganzi, akakata kipande kidogo, akakipeleka maabara. Baba Picha hakulala vizuri mpaka majibu yalipotoka.

"Si saratani," daktari alisema. "Hausambai mwilini. Lakini ukiachwa, utakula mfupa na kusukuma meno. Tutautoa."

Baba Picha alicheka huku machozi yakimtoka.

Kicheko alipewa dawa ya usingizi, akafanyiwa upasuaji. Uvimbe ulitoka pamoja na meno mawili. Taya likapona vizuri. Hata hivyo, kila baada ya miezi sita hurudi kupigwa eksirei, kwa sababu uvimbe kama huo unaweza kuota tena.

Siku ya kuzaliwa ya mwaka uliofuata ilipofika, Kicheko alikaa mbele ya pazia jeupe akacheka mdomo wazi. Pengo lilionekana lote. Baba yake akasogelea kompyuta.

"We Baba! Pengo langu usiliguse!"

Hakuligusa. Picha hiyo ipo mlangoni mwa studio, na chini yake ameandika: "Uvimbe usiopona kwa wiki mbili, hata kama hauumi, mwonyeshe daktari."

Siku hizi Baba Picha hafuti kitu kabla ya kuuliza, "Hiki kimeanza lini?" Wateja wanalalamika kwamba wanafuata picha, wanaambiwa waende hospitali. Kicheko akiwasikia huangua kicheko, na mikono yake ipo mapajani.