Bawabu wa Inshirah

Siku ya matokeo ya mtihani wa sekondari, Mansura nzima huamka mapema na haina hamu ya kula. Sisi ofisini tulikula. Shemeji yangu Wagih alileta mikate yenye ful, maharage ya kusonga, na taamiya, vile vitumbua vya maharage, imefungwa kwenye gazeti, akaimwaga mezani juu ya karatasi zangu. "Kuleni, wanyonge. Leo Misri yote itatupigia hodi." Lutfi, mume wangu, alicheka, akanikamulia ndimu kwenye mkate wangu bila kuulizwa. Jua lilishaanza kuchoma, na kiyoyozi cha chumba cha mashine kilikuwa kikiguna kama kawaida yake.

Nakusimulia haya nikiwa na akili zangu timamu, na nakuomba usiniambie kwamba lilikuwa joto. Nimeambiwa hivyo mpaka nimechoka.

Kazi yetu ilikuwa majina. Mtu akiandika jina la tovuti kwenye simu, simu haijui tovuti hiyo inakaa wapi. Inauliza kwanza kwenye seva inayotunza majina na anwani zake, ile ambayo mafundi huiita DNS. Gazeti moja la mjini lilikuwa limetupa kazi ya kutunza jina la tovuti yake ya matokeo, na wazazi wa nchi nzima wangeliuliza jina hilohilo kwa wakati mmoja. Seva moja isingefua dafu. Kwa hiyo tulikuwa na tatu, na mbele yake tukaweka mashine nyingine ya kuzipokelea wageni. Tuliiita bawabu. Bawabu hupokea swali akalipeleka kwa seva ya kwanza, linalofuata kwa ya pili, linalofuata kwa ya tatu, kisha anaanza upya, mzigo ugawanyike sawa. Na kila baada ya muda mfupi huiuliza kila seva kama iko hai. Isiyojibu anaitoa kwenye zamu, na mzigo wake hubebeshwa zilizobaki.

Basi, kuhusu mashine ni hayo tu. Wabaya ni watu.

Walikuwa ndugu watatu. Wagih mkubwa, mwenye kampuni na mwenye mdomo. Mamduh wa kati, aliyekuwa akiishi Kuwait kwa miaka mingi. Lutfi wa mwisho, wangu mimi. Mama yao marehemu aliitwa Inshirah, na Wagih alimpenda mpaka akaipa kampuni jina lake. Bango likapandishwa barabarani, na kila seva yetu jina lake likawa linaishia na Inshirah. Mama yangu alipoliona bango lile alikunja uso. Kwetu mwanamume haachi jina la mama yake litajwe mbele ya watu. Mchawi hana shida na jina la baba yako, hilo liko kwenye kitambulisho. Anataka la aliyekuzaa. Ndiyo maana mama zetu huitwa mama fulani mpaka siku wanazikwa.

"Hayo ni mambo ya wanawake wa shamba," Wagih alimjibu mama yangu, na kucheka kwa sauti.

Aliyempanga bawabu alikuwa Injinia Sabir Mughazi, mtu mkimya wa Talkha, ng'ambo ya mto. Wiki chache kabla ya matokeo walikuja wageni wa gazeti, na Wagih akawaeleza kwamba kazi yote ile ameifanya mwenyewe. Mughazi akasema, kwa upole kabisa, kwamba aliyempanga bawabu ni yeye.

"Nyamaza wewe!" Wagih alifoka. "Sabir mwana wa Zakiyya! Juzi hapa ulikuwa hujui hata kushika kipanya cha kompyuta, leo unanikata kauli mbele ya wageni?"

Jina lile la mama, Wagih alilisoma kwenye cheti cha kuzaliwa siku ya kumwajiri. Wale wanaume walicheka. Mimi nilikuwa ndani ya chumba cha mashine, nimechuchumaa nyuma ya seva nikipanga nyaya, hakuna aliyejua kwamba nipo. Nilimwona Mughazi kupitia kioo. Shingo yake iliiva, kisha ikapauka.

Alikaa akafanya kazi mpaka alasiri, akaacha ufunguo mezani. Mlangoni akamwambia mume wangu, "Mzigo nimeupanga vizuri. Mmoja akianguka, ndugu zake watambebea." Lutfi akamshukuru na kumpa mkono. Mume wangu ana moyo mzuri kupita kiasi, na mimi hilo hunikera.

Kesho yake tukaona kwamba seva tatu zimebadilishwa majina. Kwenye skrini palisomeka Wagih wa Inshirah, Mamduh wa Inshirah, Lutfi wa Inshirah, kila jina na taa yake ya kijani. Mimi nilitaka yafutwe saa ileile. Wagih alifurahi. "Acha, shemeji. Kumbe mbwa anawajua mabwana zake."

Adhuhuri matokeo yakatoka.

Maswali yalianza kumiminika. Namba zilipanda kwenye skrini mpaka nikaacha kuzisoma. Mabawabu halisi wa mtaa walikuwa wamekaa kivulini na simu mikononi kama kila mtu. Bawabu wetu aligawa, akauliza nani yu hai, akagawa tena.

Taa ya Mamduh ikawa nyekundu.

"Hata kwenye mashine ni mvivu!" Wagih alisema huku mdomo umejaa taamiya. Lutfi alikuwa bado anacheka simu ilipolia. Alikuwa mke wa Mamduh, kutoka Kuwait, na sauti yake haikuwa ya mtu anayetaka kujibiwa. Mumewe ameanguka dukani. Alikuwa anasukuma kigari, akasema kuna mtu kamkalia mabegani, akaanguka. Hapumui.

Wagih alibaki ameshika simu. Akatazama skrini. Jina lake na la Lutfi tu ndiyo yaliyokuwa ya kijani, na namba zilizokuwa za watatu sasa zilikuwa za wawili.

"Zima," akanong'ona. "Nagla, zima kila kitu."

"Usizime!" Lutfi alinishika mkono. "Seva zikizimwa, bawabu atahesabu kwamba sisi ndio hatujibu."

Wagih akapiga magoti. Hakujikwaa wala hakuyumba. Alishuka polepole, kama mtu anayetwishwa gunia juu ya gunia, mpaka paji la uso likafika sakafuni. Mdomo ulikuwa wazi. Taa yake ikawa nyekundu.

Nje, ghorofa ya jirani, vigelegele vikalipuka. Mtoto wa watu amefaulu.

Nilipiga simu kuita gari la wagonjwa, wakaniambia barabara zimejaa. Nikageuka. Lutfi wangu alikuwa ameegemea ukuta na mgongo wake unapinda. Nilimshika kwapani nikajaribu kumwinua. Niliwahi kumbeba mume wangu akiwa na homa, naujua uzito wake. Huu haukuwa wake.

Nilirudi kwenye skrini. Mimi nimesoma kompyuta kama wao, ingawa kwa Wagih kazi yangu ilikuwa kupokea simu. Kulikuwa na seva ya akiba isiyo na kazi. Nikaiwasha, nikaipa jina, Akiba, nikamkabidhi bawabu. Bawabu akaiuliza. Seva ilikuwa inafanya kazi, naisikia feni yake. Taa ikabaki nyekundu.

Nikampigia Mughazi. Alipokea upesi sana.

"Nagla," akanong'ona. "Nilijua utapiga wewe."

"Mtoe mume wangu."

"Hatoki mtu. Mzigo lazima ubebwe."

"Nimeweka seva ya akiba."

"Umeipa jina la nani?" Alikuwa anatabasamu, nilisikia. "Bawabu hapokei kisicho na mama. Weka mtu. Wagih ana mtoto wa kiume, si ndiyo? Na mama yake ni shoga yako. Majina yote mawili unayo."

Nyuma yangu Lutfi alikoroma. Magoti yake yalikuwa yamegusa sakafu.

Yule mtoto ana miaka mitano. Nilimnunulia viatu vya Idi.

"Andika," Mughazi akasema. "Mumeo hana muda."

"Naandika," nikamwambia.

Niliandika polepole ili nisikosee. Herufi ya kwanza, ya pili. Nikamsomea nilichoandika, kwa sauti ya chini kama yake.

"Sabir wa Zakiyya."

Nikasikia kiti chake kikikwaruza sakafu.

"Siku ile hukuwepo," akasema. Sauti ilikuwa imebadilika. "Walikuwa wanaume watupu."

"Nilikuwa nyuma ya kioo."

"Nagla. Nagla, mwanangu, usi..."

Nikabonyeza.

Bawabu akauliza. Taa ikawa ya kijani. Kwenye simu nikasikia kiti kikilia, kisha mbao zikipasuka, kisha pumzi ndefu ikitoka na isirudi. Nyuma yangu mume wangu alikohoa, akaweka viganja chini, akainuka. Sikukata simu. Nilisubiri mpaka nikawa na hakika.

Sijutii. Kama unangoja niseme najuta, ngoja.

Mamduh alizikwa hukohuko Kuwait. Wagih yu hai, ingawa taa yake imebaki nyekundu; hukaa kibarazani akitazama bango ambalo hatujathubutu kulishusha, na hajasema neno tangu siku ile. Mughazi walimkuta juu ya vipande vya kiti chake. Daktari akaandika moyo. Lakini Talkha wanasimulia mpaka leo kwamba jeneza lake lilibebwa na wanaume kwa zamu, na kila kundi lilitembea hatua chache tu likaomba kupokewa.

Seva ya akiba niliichomoa jioni ileile. Niliipeleka mwenyewe kwa muuza vyuma chakavu, akaivunja kwa nyundo mbele ya macho yangu. Niliporudi, jina la Sabir wa Zakiyya lilikuwa bado kwenye skrini, na taa yake ya kijani. Mpaka leo bawabu akimuuliza, anajibu. Kumzima bawabu hatuwezi. Lutfi bado yumo kwenye zamu, na hakuna anayejua nini kitampata akitolewa.

Mwaka mzima maswali yamekuwa machache, tumeishi. Matokeo ya mwaka huu yanatoka wiki ijayo. Tangu jana Lutfi ananiomba nimsugue mabega.

Na leo asubuhi, nikiwa peke yangu ofisini na chai yangu, nimekuta mstari mpya chini ya hayo majina. Jina la kwanza ni langu. La pili ni la mama yangu, ambaye mtaa mzima unamwita Mama Magdi, na mume wangu vilevile, na mimi mwenyewe sijawahi kulitamka jina lake mbele ya mtu. Hapa pia silitaji.

Nimelifuta. Limerudi. Bawabu ameshaniuliza kama niko hai. Sikujibu kitu, niliketi tu nimeziba mdomo kwa viganja viwili.

Taa ni ya kijani.