Namba ya Nyuma ya Mashine

Nakutegea kitendawili wewe uliyeshika kitabu: nani hula mchana peke yake, na usiku akalisha nyumba nzima? Ukishindwa sitaki mji wako. Kaa usikilize, jibu utalikuta nyumbani kwa msichana mmoja aliyepewa jina la utani la Profesa.

Kila asubuhi kabla ya shule Profesa alifagia uani, akawajazia kuku maji, kisha akachungulia kioo cha mashine ya kuangulia mayai. Mama yake aliuza vifaranga, na mashine ile ndiyo iliyowalisha, wao pamoja na shangazi mjane aliyehamia kwao. Umeme nao ulikuwa na tabia ya kukatika. Basi Mama akaamua kununua jenereta ya sola, lile sanduku la betri linaloshiba jua mchana na kutoa umeme usiku.

Fundi wa sola alisema hauzi sanduku bila kujua kazi yake. Alitaka orodha: kila kifaa, wati zake, na saa kitakazotumika. Mama akampa Profesa kazi hiyo, maana hesabu alizimeza kama maji. Akaandika taa, redio, pasi. Lakini wati za mashine zilikuwa zimeandikwa nyuma, upande wa ukutani, kwenye joto na harufu ya manyoya, na wenzake walikuwa nje wakimwita waruke kamba. Akachungulia kioo, akaona balbu ya ndani imeandikwa arobaini. Akaandika arobaini, akatoka mbio.

Fundi alipoipokea orodha alikuna kidevu. "Profesa, hii ya mashine uliisoma nyuma?"

Mama alimjibia huku akicheka, kwamba mtoto huyu hakosei. Fundi akaleta sanduku dogo.

Siku ya kumi na tisa tangu mayai yawekwe kwenye mashine, umeme ulikatika jioni. Walipoamka, jenereta ilikuwa imezima na mashine baridi kama sakafu. Siku ya kuangua ikaja ikapita, na hakuna ganda hata moja lililotoboka.

Mama hakulia. Aliwapa Profesa na Shangazi ndoo, akawaamuru wapasue mayai yote mia na ishirini, moja moja. Ndani mlikuwa na vifaranga kamili, manyoya yamelowa, midomo imeelekea kwenye ganda. Kufika yai la thelathini Profesa akatapika. Mama akamwambia afute mdomo aendelee.

"Wewe mwanangu huna kosa," Mama akasema, akimtazama Shangazi. "Mwenye kosa ni huyu na pasi yake. Umeme umekatika, yeye anapiga pasi kama anakwenda kuolewa upya. Wifi, mume umeshamzika. Sasa umekuja kunizikia na vifaranga."

Shangazi hakusema nguo aliyoipiga pasi jioni ile ilikuwa ya nani. Alipasua yai jingine. Profesa alijua, lakini akainamia ndoo. Watoto wa jirani waliochungulia juu ya ua walikwishampa Shangazi jina jipya, Mama Pasi, wakalirudia hadi sauti zikawakauka. Mama hakuwafukuza. Alimwambia wifi yake afunge mizigo, adhuhuri isimkute.

Fundi alipoitwa, alibonyeza vitufe vya sanduku, akatikisa kichwa. Akaeleza kwamba pasi ya dakika kumi haiwezi kumaliza betri ile. Kuna kifaa kilichokula umeme zaidi ya kilivyoandikiwa. Kama ni mashine, yeye atalichukua sanduku hili dogo na kuleta kubwa siku hiyo hiyo, na mayai yajayo yatapona. Kisha akachuchumaa mbele ya Profesa.

"Betri haina macho, binti yangu. Inategemea ukweli wa aliyeandika. Ukikisia, karatasi inapendeza, halafu mwingine ndiye anayeumia. Nilikuuliza swali siku ile, akalijibu mtu mwingine. Ile namba uliisoma nyuma ya mashine?"

Shangazi alikuwa ameshafika mlangoni, mfuko begani. Mama alimshikia mlango ili atoke upesi.

Profesa aliutazama mgongo wa Shangazi.

"Sikuisoma," akasema. "Niliandika ya balbu. Na pasi ile, Mama, ilikuwa ya sare yangu ya shule."